Nani Anashika Kipanya? Gemu katika Maabara za Shule za Kitui na Makueni

Ukitaka kujua kompyuta za shule zinafanya kazi gani, usianze kwa kumwuliza mwalimu mkuu. Tazama kibodi. Pale wanafunzi wanapoandika, herufi A na E ndizo hufutika kwanza. Pale wanapocheza, huchakaa mishale minne, kitufe kirefu cha nafasi, na herufi W, A, S na D, ambazo gemu nyingi za bunduki na mbio za magari huzitumia kumsogeza mchezaji. Mwalimu wa kompyuta Mwingi, Wote au Kibwezi hahitaji kuelezwa hali ya pili ikoje.

Mjadala wa gemu shuleni huendeshwa kana kwamba ni suala la tabia tu. Mwalimu wa zamu huuita utovu wa nidhamu. Mzazi aliyeuza mbuzi ili alipe karo huuita wizi. Mwanafunzi mwenyewe ana jibu moja, na hulitoa vidole vikiwa bado kwenye kibodi: "Nimemaliza, mwalimu." Naona jibu hilo ndilo la kuchunguzwa kwanza, kwa sababu mara nyingi ni kweli. Kazi aliyopewa ilikuwa ya dakika nane, na kipindi ni cha dakika 40. Gemu haivunji mlango. Hupita penye ufa. Na katika kaunti hizi mbili ufa umetokana na uhaba: uhaba wa mashine, wa walimu, wa stima, na zaidi ya yote uhaba wa kazi ya maana ya kufanya wakati mashine inawaka.

Sensa ya mwaka 2019 ilikuta asilimia 8.8 tu ya kaya za Kenya zikiwa na kompyuta, iwe ya mezani, ya mapajani au kishikwambi. Kati ya waliotimiza umri wa miaka 3, waliokuwa wakitumia kompyuta walikuwa asilimia 10.4. Hesabu hizo zimejumuisha Nairobi na miji yote mikubwa. Kitui ilikuwa na watu 1,136,187 na Makueni 987,653, wengi wao wakulima na wafugaji walioishi mbali na lami. Kwa mtoto wa Tseikuru au Kathonzweni, kompyuta ya maabara ya shule mara nyingi ndiyo ya kwanza kuishika maishani, na huenda asishike nyingine mpaka afike chuo. Na Makueni ndiko iliko Malili, ambako Jiji la Teknolojia la Konza limetengewa ekari 5,000. Unaweza kukaa pembezoni mwa jiji la teknolojia na bado ukasubiri zamu ya kugusa kipanya.

Mashine zenyewe zimefika kwa njia nyingi. Tangu mwaka 2002, shirika la Computers for Schools Kenya limekuwa likikarabati kompyuta zilizotumika na kuzipeleka shuleni. Mpango wa serikali wa kuchochea uchumi, ulioanza 2009, uliongeza nyingine, na fedha za maeneobunge zikajenga vyumba vya maabara hapa na pale. Matokeo yake ni chumba chenye mashine za vizazi vitatu: hii ina Windows 7, ile haina sauti, ile nyingine huwaka ukiipiga kofi ubavuni. Kuanzia 2018 serikali iliamuru kila mtahiniwa wa darasa la nane aingie sekondari. Madarasa yakafura. Maabara hazikufura.

Sasa fanya hesabu ndogo. Wanafunzi wa kidato cha pili ni 45, na kompyuta zinazowaka ni 15. Watatu kwa kila mashine. Toa dakika tano za kuketi na kuwasha, na tano nyingine za kuhifadhi kazi na kuzima. Zinabaki 30, yaani dakika kumi kwa kila mmoja kama zinagawanywa kwa haki. Hazigawanywi kwa haki. Aliyewahi kufika huketi katikati na kushika kipanya, na wawili walio ubavuni hugeuka watazamaji. Katika shule za mseto, na nyingi za kutwa ni za mseto, wa katikati mara nyingi ni mvulana ambaye tayari anazijua kompyuta kidogo, labda kupitia kaka yake mwenye duka la saiba. Akimaliza zoezi lake na kufungua gemu, hajapoteza muda wake peke yake. Amewanyang'anya wawili dakika kumi zao, tena mmoja wao ni msichana ambaye bado anatafuta ilipo herufi Q.

Watafiti wa Kanada, Faria Sana na wenzake, walilipima jambo linalokaribiana na hili na kuchapisha matokeo mwaka 2013. Wanafunzi waliokuwa wakifanya mambo mengine kwenye kompyuta wakati wa mhadhara walipata alama asilimia 11 chini ya wenzao. Lakini walioketi mahali ambapo wangeona skrini hizo, bila wao wenyewe kufanya lolote baya, walikuwa chini kwa asilimia 17. Kule mtazamaji alikuwa na karatasi yake mwenyewe ya kuandikia na angeweza kugeuza macho. Katika benchi la watu watatu mbele ya skrini moja huna pa kuyageuzia.

Ndiyo maana sikubaliani na wale wanaosema kwamba gemu kidogo haidhuru. Nyumbani huenda haidhuru. Katika maabara ya Kitui, mchezo wa mmoja ni mgao wa wengine. Wala sikubaliani na wanaotaka kila gemu ifutwe, na nitaeleza kwa nini, ila kwanza tuangalie mchezo huingiaje.

Njia rahisi kuliko zote ni ile iliyokuja na mashine yenyewe. Solitaire ilikuja na Windows mwaka 1990, na hata Windows 7, ambayo bado inahangaika katika shule nyingi, huja na karata na mabomu ya kutegua. Njia ya pili ni flashi. Gemu kama Vice City, ya mwaka 2002, huzunguka kutoka shule hadi shule kwa sababu haihitaji mashine yenye nguvu, na matoleo yake mengi ya kienyeji hayahitaji hata kusakinishwa: unachomeka, unabofya mara mbili, unacheza. Folda inapewa jina la "Noti za CRE". Mwalimu anapokaribia, vidole viwili vinabonyeza Alt na Tab, na hati ya Word yenye mistari mitatu inajitokeza, ileile mistari mitatu ya wiki jana.

Njia ya tatu inachekesha. Intaneti inapokatika, kivinjari cha Chrome huonyesha dinosaria mdogo, na ukibonyeza kitufe cha nafasi anaanza kukimbia na kuruka miti ya dungusi kakati. Google walimwingiza mwaka 2014. Katika nchi ambako mtandao haukatiki huyo ni mzaha wa mara moja kwa mwezi. Penye mtandao wa kubahatisha, ndiye gemu ya kudumu: kadiri huduma inavyokuwa mbovu, ndivyo dinosaria anavyopata mazoezi. Wasimamizi wa shule walipolalamika, kampuni iliwawekea njia ya kumzima. Njia hiyo ipo hata kwetu, ila inamhitaji mtu anayejua mipangilio ya usimamizi na mwenye saa moja ya kuzunguka mashine zote.

Na huyo mtu ndiye hapatikani. Vifaa vya kudhibiti si haba. Mwanafunzi anaweza kupewa akaunti isiyo na ruhusa ya kusakinisha kitu. Ipo programu ya Veyon, isiyolipiwa, inayomwonyesha mwalimu skrini zote 15 katika mashine yake, na kumwezesha kuzifunga zote kwa mbofyo mmoja anapotaka kusikilizwa. Haihitaji intaneti, nyaya za kuunganisha mashine ndani ya chumba zinatosha. Deep Freeze, ambayo ni ya kulipia, hurudisha kompyuta katika hali yake ya mwanzo kila inapozimwa na kuwashwa tena, hivyo kilichoingizwa mchana kinatoweka jioni. Lakini kila dawa ina madhara yake. Akaunti finyu haizuii gemu inayoendeshwa moja kwa moja kutoka kwenye flashi. Ukiziba matundu ya flashi, mwanafunzi wa kidato cha nne atahamishaje mradi wake? Deep Freeze ikiwekwa na mtu asiyeelewa, huufuta mradi huohuo pamoja na Vice City. Kati ya hizi zote, mimi ningeanza na Veyon, kwa sababu inamrudishia mwalimu macho bila kumnyang'anya mwanafunzi kitu. Ila pia panga upya meza. Kompyuta zikiegemea kuta tatu na wanafunzi wakaangalia ukutani, mwalimu akisimama katikati anaona kila skrini, na hilo halihitaji programu yoyote.

Adhabu ndiyo sehemu inayonisumbua zaidi. Kiboko kiliondolewa kisheria mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 ikakikataza tena waziwazi, hivyo adhabu iliyobaki mkononi mwa walimu wengi ni kumfungia mchezaji nje ya maabara, wiki mbili, wakati mwingine muhula. Inaonekana ya haki: umechezea mashine, utaikosa mashine. Lakini somo la kompyuta katika mtihani wa KCSE lina karatasi tatu, na ni moja tu inayoweza kusomewa daftarini. Ya pili ni ya vitendo, na ya tatu ni mradi unaotengenezwa kwa miezi. Mwanafunzi asiye na kompyuta kwao, akifungiwa nje wiki mbili, amepunguziwa alama, wala si dakika za mchezo. Mwenzake wa mjini aliyefanya kosa lilelile atarudi nyumbani kwa kompyuta ya baba yake. Adhabu moja, uzito wa aina mbili. Ningependelea mkosaji apoteze kiti cha katikati: abaki chumbani, asome maagizo kwa sauti huku mwenzake wa ubavuni akishika kipanya. Itamuuma kuliko kufukuzwa, na kila mtu atajifunza.

Shule za msingi zina kisa chao. Ahadi ya kompyuta za mapajani kwa kila mtoto wa darasa la kwanza ilitolewa katika kampeni za 2013. Zabuni ya kwanza ikaishia mahakamani, na mwaka 2016 vikaja vishikwambi badala yake, vilivyoletwa na miungano iliyoongozwa na Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta cha Kilimo na Teknolojia na Chuo Kikuu cha Moi. Vilivyosambazwa vilipita milioni moja, katika shule zaidi ya 21,000. Shule ziliwekewa nyavu za chuma madirishani. Mwalimu mkuu aliyejua kwamba kifaa kikipotea atajibu yeye, alifanya ambalo mtu yeyote mwenye busara angelifanya: alivitia kabatini. Humo kabatini hakuna gemu iliyochezwa. Hakuna kilichosomwa pia. Usimamizi kamili wa gemu unawezekana, basi, na kwetu ulishajaribiwa.

Kwa nini nisitake gemu zote zifutwe? Ushahidi mzuri uko jirani, ng'ambo ya mpaka. Katika mashindano ya XPRIZE ya elimu, vishikwambi vilipelekwa katika vijiji vipatavyo 170 mkoani Tanga, kwa watoto karibu 3,000, wengi wao wakiwa hawajawahi kuingia darasani. Humo mlikuwa na programu za Kiswahili za kusoma na kuhesabu zilizotengenezwa kama michezo. Hapakuwa na mwalimu. Baada ya miezi 15 idadi ya wasioweza kusoma hata neno moja ilikuwa imeshuka sana, na Mei 2019 timu za Kitkit School na onebillion zikagawana tuzo kuu ya dola milioni 10. Sisemi kwamba Vice City itamfundisha mtu kusoma. Nasema kwamba kinachomfanya mtoto asiachie kishikwambi, yaani kushindwa, kujaribu tena na kuona mara moja kama umepata, kinaweza kufungwa kwenye somo likabebwa nacho. Walimu wa kompyuta wanajua hivyo zamani: Mavis Beacon, iliyofundisha kizazi kizima kupiga chapa, ina mashindano ya magari ndani yake. GCompris ina michezo zaidi ya 100 ya hesabu, kusoma na kutumia kipanya, haina malipo, na haihitaji mtandao. Shule yenye hizi mbili ina la kumpa yule anayesema amemaliza.

Bora zaidi ni kumpa kazi ya kutengeneza. Scratch ilitoka mwaka 2007 katika chuo cha MIT cha Marekani. Inafanya kazi bila intaneti na ina menyu za Kiswahili. Mwanafunzi wa Mutomo anaweza kuunda gemu ya punda anayetoka kwenye bwawa la mchanga akiwa na mitungi minne. Kila akigonga jiwe, maji yanamwagika lita tano. Akifika nyumbani kabla ya jua kutua, alama zinaongezeka. Ili maji yapungue lazima aunde kigezo kinachohifadhi idadi. Ili jiwe litambuliwe lazima aandike sharti. Ili punda aendelee kutembea lazima aelewe mzunguko. Hayo matatu yamo katika silabasi ya programu za kompyuta, na hufundishwa ubaoni kwa mifano ya kujumlisha namba ambayo haijawahi kumfanya mtu akeshe. Mwaka 2022 Taasisi ya Ukuzaji Mitaala, KICD, iliidhinisha silabasi ya kuandika programu kutoka kampuni ya Kodris Africa, na mtaala wa umilisi unauhesabu ujuzi wa kidijitali kuwa miongoni mwa umilisi saba wa msingi. Kwa karatasi tumefika. Kisha katika sekondari msingi somo la kompyuta likameguliwa na kuunganishwa na masomo ya awali ya ufundi, ambako linagombania saa na uchoraji wa kiufundi na mada nyingine. Mwalimu asiyewahi kufungua Scratch hataifungua eti kwa sababu tu imo kwenye waraka.

Kuna aina moja ambayo sina huruma nayo. Aviator, ile ndege inayopaa huku pesa zikiongezeka mpaka inapotoweka, huonekana kama gemu na huchezwa kama gemu, lakini ni kamari, na kamari kwa aliye chini ya miaka 18 ni kosa la kisheria. Maabara yenye intaneti iizibe siku ya kwanza pamoja na jamaa zake zote. Mwalimu asiichanganye na Solitaire katika orodha moja ya makosa, kwa sababu mwanafunzi akiona zinaadhibiwa sawa atadhani zinafanana. Mwenye kucheza karata anahitaji kazi ya kufanya. Anayeuliza laini ya M-Pesa ya nani ina pesa anahitaji mtu wa kukaa naye.

Neno "uraibu" nalo litumike kwa uangalifu. Shirika la Afya Duniani limeiweka tabia ya kutawaliwa na gemu katika orodha yake ya magonjwa iliyoanza kutumika Januari 2022, lakini kwa kawaida linataka dalili zidumu kama miezi 12, na maisha ya mtu yawe yameharibika waziwazi. Mtoto anayegusa kompyuta mara mbili kwa wiki si mraibu wa gemu za maabara. Akiwa na tatizo la kweli, linatoka kwenye simu ya nyumbani au kwenye vibanda vya PlayStation vya Emali na Mwingi mjini, ambako mwalimu hana mamlaka. Serikali zilizojaribu kufukuzana na mchezo huko nje zimepata matokeo ya kuchanganya. Korea Kusini iliwazuia walio chini ya miaka 16 kucheza mtandaoni kuanzia usiku wa manane hadi saa kumi na mbili asubuhi, kwa sheria ya 2011. Sheria ililenga gemu za kompyuta, watoto wakahamia simu, na mwaka 2021 ikaamuliwa ifutwe. China, mwaka huohuo wa 2021, iliwapa watoto saa moja tu Ijumaa, Jumamosi, Jumapili na siku za sikukuu. Kuyatekeleza hayo kunahitaji kila mchezaji ajisajili kwa kitambulisho, na sidhani Mkenya angekubali kwa sababu ya Solitaire.

Linabaki suala la saa ambazo si za somo, na hapa ndipo ningeweka pesa kama ningekuwa mjumbe wa bodi ya shule. Mwanafunzi anayejua kwamba maabara itafunguliwa saa saba mchana, na kwamba Jumatano na Ijumaa gemu zinaruhusiwa kwa zamu za dakika 15, ana sababu ya kusubiri. Asiye na saa nyingine yoyote atazitafuta hizo dakika ndani ya kipindi. Lakini kufungua saa saba kunamaanisha msaidizi wa maabara wa kulipwa na bodi, kwa sababu mwalimu wa kompyuta wakati huo anasahihisha madaftari ya hesabu, somo lake la pili. Kunamaanisha tokeni za stima. Mishahara ya bodi hutoka kwenye karo, nayo karo Kitui na Makueni hufuata mvua: ndengu zikikauka shambani Desemba, Januari msaidizi ndiye wa kwanza kuambiwa angoje. Shule nitakayoiamini kwamba inashughulikia gemu kwa dhati ni ile ambayo, kikao cha bajeti kinapofika, mshahara wa huyo msaidizi unajadiliwa kabla ya rangi ya lango.